Swali la tatu: mtoto amefanya choo?



Wakati simu inaingia ku karieri kusema mama amezaa, sisi wanaume tunauliza maswali mawili tu. La kwanza: ni kijana ao ni binti? La pili: mama iko muzima? Kisha tunatuma pesa ya sabuni na ya kitenge, wenzetu wanadai kinywaji, na kesho yake asubuhi tunarudi ndani ya shimo. Makala hii inaomba tuongeze swali la tatu, lifanyike desturi ku karieri zote za Tshopo: mtoto amefanya choo?

Kuna watu watacheka. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho. Kuna watoto wanaozaliwa wazuri, wanalia kwa nguvu, wana kilo tatu, na kwa macho ya mtu anayepita hawana kasoro yoyote. Kumbe ndani ya tumbo njia ya chakula imekatika ao imefungwa. Siku ya pili tumbo linavimba. Siku ya tatu mtoto anatapika maji ya rangi ya majani. Siku chache tena, jamaa inachimba kaburi dogo, na kisha kaburi watu wanaanza kutafuta mlozi. Na wengi kati ya watoto hao wangeweza kupona.

Naandika nikifikiria zaidi Isangi, pale mto Lomami unapoingia ndani ya mto Congo. Wako vijana wa upande huo wanaoacha wake zao kijijini na kupanda kwenda kutafuta almasi ao dhahabu, upande wa Banalia, upande wa Bafwasende. Mama anazaa ku kituo cha afya cha kijiji, baba iko msituni pasipo rezo. Toka Isangi mpaka Kisangani, ambako hopitali kubwa za jimbo ziko, ni zaidi ya kilometa 100. Kwa mtu muzima anayeenda sokoni, hiyo ni safari ya kawaida. Kwa mtoto wa siku moja ambaye hawezi kunyonya, ni mbali sana, na kila saa iliyopotea kijijini inafanya iwe mbali zaidi.

Mimi si dokta. Ni mtu wa sendika, nimesoma sekondari, na kazi yangu ni kuuliza maswali na kusoma vikaratasi ambavyo wakubwa wanatumaini hatutasoma. Haya ninayoandika ni mambo ambayo madokta wanayajua vizuri na wanayakubali. Shida ni kwamba hayafiki kwetu.

Galeri ambayo haikutokea upande wa pili

Mchimbaji ataelewa haraka. Njia ya chakula ni kama galeri moja ndefu, inaanza mdomoni na kutokea kwa tundu la haja kubwa. Inajengwa mapema sana, wakati mtoto bado ni mdogo kuliko kidole. Mara moja moja kazi hiyo haiishi vizuri: galeri inafungwa katikati, ao inakosa mlango wa kutokea, ao inatoboa na kuingia ndani ya njia nyingine isiyo yake. Hayo njo madokta wanaita malformasio ya njia ya chakula, maana yake kasoro ya kuzaliwa nayo. Ziko za namna nyingi. Tano tunapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni mtoto asiye na tundu la haja kubwa. Kadiri ya mtoto 1 kwa watoto 5.000 anazaliwa hivyo. Pahali pa tundu kuna ngozi tupu, ao kishimo kidogo kisichoenda popote. Kwa kijana, mara nyingi utumbo umetobokea ndani ya njia ya mkojo, na choo kidogo kinatoka pamoja na mkojo. Kwa binti, choo kinaweza kutoka kwa katundu kadogo karibu na njia ya uzazi. Hiyo inadanganya sana watu: wanaona nepi imechafuka, wanasema yote iko sawa, kumbe tundu lenyewe halipo.

Ya pili ni mrija wa chakula uliokatika, ule unaopita ndani ya kifua toka kooni mpaka tumboni. Inapata kadiri ya mtoto 1 kwa watoto 3.000 ao 4.000. Mtoto anajaa mate yenye povu, unapangusa, yanarudi. Akijaribu kunyonya mara ya kwanza, anakohoa, anakabwa, midomo inageuka bluu. Mara nyingi kipande cha chini cha mrija kimeungana na njia ya pumzi, na maji makali ya tumbo yanapanda mpaka ndani ya mapafu.

Ya tatu ni utumbo uliofungwa ndani, mara nyingi pale tu unapotoka kwenye tumbo. Mtoto anatapika rangi ya majani tangu siku ya kwanza ao ya pili. Tumbo linaweza kubaki bapa kabisa, na watu wanatulia bure.

Ya nne inaitwa ugonjwa wa Hirschsprung, jina la dokta wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886. Inapata kadiri ya mtoto 1 kwa 5.000. Hapo njia iko wazi, tundu liko, lakini kipande cha mwisho cha utumbo hakina mishipa ya kuusukuma ufanye kazi. Choo kinafika pale na kusimama. Alama yake kubwa ni kwamba saa 24 za kwanza zinapita, hata 48, na kile choo cheusi cha kwanza hakitoki.

Ya tano inaonekana mara moja: matumbo yako nje. Wakati mwingine yametoka uchi kwa tundu la pembeni ya kitovu, kwa kawaida upande wa kuume. Wakati mwingine yako ndani ya mfuko mwembamba, pale kitovu chenyewe kinapaswa kuwa.

Kila moja ya hizi peke yake ni kitu adimu. Lakini tufanye hesabu kama tunavyohesabu gramu. Zone ya afya ikizalisha watoto 5.000 kwa mwaka, tungoje kadiri ya mtoto mmoja kila mwaka asiye na tundu la haja kubwa, na wengine tena wa aina zile nyingine. Kwa hiyo mkunga anayetumika miaka 20 anaweza kukutana nao zaidi ya mara moja. Ao anakutana nao na hawaoni, juu hajaangalia.

«Ule mama alifanya nini?»

Hilo njo swali la kwanza la wazee. Ule mama alifanya nini? Alikula nyama gani iliyokatazwa? Alilala na nani wakati mume iko karieri? Nani ndoki ndani ya ile nyumba? Nimesikia yote hayo, na wasomaji pia wameyasikia. Wanawake wamerudishwa kwao na mahari kudaiwa, juu ya tundu ambalo halikufunguka.

Tuweke mambo wazi. Njia ya chakula ya mtoto inajengwa kati ya wiki ya 4 na wiki ya 10 ya mimba. Kadiri ya wiki ya 6, matumbo yenyewe yanatoka nje na kukaa ndani ya kamba ya kitovu, kwa sababu tumbo la mtoto bado ni dogo. Kadiri ya wiki ya 10 yanarudi ndani. Hiyo ni kwa kila mtoto, hata wewe unayesoma. Wakati huo wamama wengi hawajajua kama wana mimba, na konsultasio ya kwanza bado haijafanyika. Mama hakusikia kitu, hakuona kitu, na hakukuwa na kitu ambacho angefanya kusahihisha kazi hiyo. Mara nyingi dokta mwenyewe hawezi kusema sababu ni nini kwa mtoto fulani.

Uzinzi haufungi utumbo. Nyama ya porini haikati mrija. Na jirani mwenye macho mekundu hana mkono mrefu wa kufika wiki ya saba ya mimba. Kila siku inayopita wakati jamaa inakaa kikao kutafuta ndoki ni siku ambayo tumbo la mtoto linazidi kujaa.

Je, ni mugodi?

Wachimbaji wanauliza swali lingine, na hilo ni la haki: labda ni kazi yetu njo inaharibu watoto? Mtu wa sendika hawezi kulikimbia. Hawezi pia kulijibu kwa kelele.

Kuna utafiti uliofanywa kwetu Congo, mjini Lubumbashi, na wataalamu wa Université de Lubumbashi pamoja na wa Ubelgiji. Ulitokea mwaka 2020 ndani ya jarida la kiganga The Lancet Planetary Health. Walilinganisha watoto wachanga 138 wenye kasoro za kuonekana na wengine 108 wasio na kasoro. Walikuta kwamba mtoto ambaye baba yake anatumika mu migodi alikuwa na hatari ya kuzaliwa na kasoro kadiri ya mara 5 kuliko wengine. Watoto waliochunguzwa hawakuwa wengi, kwa hiyo hiyo mara 5 si hesabu ya kuapa nayo. Inaweza kuwa chini sana, inaweza kuwa juu. Tena ile ni nchi ya shaba na kobalti, si ya almasi na dhahabu kama kwetu, na kasoro zilizohesabiwa zilikuwa za kila namna, si za tumbo peke yake. Hatuwezi kuchukua karatasi ile na kusema mtoto fulani wa Isangi hana tundu juu baba yake alichimba Banalia. Lakini inatosha kusema kwamba vumbi na madini si mambo ya mchezo kwa mtu anayetaka kuzaa.

Kwa hiyo tufanye yale yaliyo mikononi mwetu. Nguo ya kazi isiingie ndani ya nyumba, isifuliwe ndani ya beseni moja na nguo za mama. Mchimbaji aoge mbele ya kubeba mtoto ao kulala na mke wake. Na wale wa dahabu wanaotumia zebaki, wasiichome kamwe jikoni ao karibu na mwanamke mwenye mimba: moshi wake unaingia kwa mama, unapita mpaka kwa mtoto, na unaharibu ubongo. Hilo halina ubishi. Mama naye aende konsultasio mapema, aache pombe na tumbaku, asinywe dawa ambazo hakuandikiwa. Haya hayazuii kila kasoro. Yanapunguza mzigo.

Saa 24 za kwanza

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Mtoto akizaliwa, iwe hopitali, iwe kituo cha afya, iwe nyumbani kwa bibi mkunga, kuna mambo manne ya kuangalia. Hayaombi mashine wala umeme.

Kwanza, mgeuze mtoto, fungua miguu, angalia tundu la haja kubwa kwa macho. Liko? Liko pahali pake? Usiingize kidole, usiingize kijiti. Angalia tu.

Pili, angalia mdomo. Mate yenye povu yasiyokwisha ni alama. Infirmie anaweza kupitisha sonda laini kwa mdomo: ikisimama kadiri ya santimeta 10 na kukataa kuendelea, mrija umefungwa.

Tatu, hesabu saa. Choo cheusi cha kwanza kitoke ndani ya saa 24. Kisipotoka, usingoje kesho kutwa. Rudisha mtoto kwa infirmie.

Ine, angalia matapishi. Maziwa meupe yanayorudi kidogo si kitu. Rangi ya majani ni hatari, hata kama ni mara moja tu. Mtoto mchanga anayetapika majani achukuliwe kama ana utumbo uliofungwa mpaka dokta aonyeshe kinyume.

Mtoto asiye na alama hata moja anyonye tangu saa ya kwanza, kama kawaida. Nisije nikaogopesha wamama kunyonyesha. Lakini mwenye alama asipewe kitu kwa mdomo: si maziwa, si maji ya sukari, si majani ya bibi. Kila kinachoingia kitarudi na kinaweza kuingia ndani ya mapafu. Infirmie atamuwekea seramu kwa mshipa, na sonda ya kutoa maji ya tumbo.

Na hapa nawaomba wamama wetu na mabibi wanisamehe, lakini nitasema wazi: hakuna lavema. Najua ile mpira ndogo iko karibu ndani ya kila nyumba. Kwa mtoto ambaye utumbo wake umefungwa, maji ya pilipili ao ya majani yaliyosukumwa kwa nguvu yanaweza kutoboa utumbo. Na kwa mtoto asiye na tundu, kuna waliojaribu kulitoboa kwa wembe. Hiyo ni kuua.

Kama matumbo yako nje, usiyasukume kuyarudisha. Usiyafunike na kitambaa kikavu, kitagandamana nayo. Ingiza mtoto ndani ya mfuko safi wa plastiki toka miguu mpaka makwapa, kichwa na mikono vikae nje, mulaze kwa ubavu wa kuume, na safari ianze.

Safari ya mto

Mtoto wa namna hii anakufa kwa vitu vitatu njiani: baridi, kukosa maji mwilini, na kuchelewa. Kwa baridi dawa ni mwili wa mtu. Mtoto akae uchi na nepi tu, kifua kwa kifua na mama, kofia kichwani, kitenge na koti juu. Mama akiwa amechoka sana, baba ao shangazi anaweza kumbeba vilevile. Kifua cha mwanaume kina moto sawasawa na cha mwanamke. Ndani ya baleinieri upepo wa usiku unakata, na pirogi ni baridi zaidi. Usimuweke mtoto ndani ya beseni, hata ukimfunga vitenge vitatu.

Mbele ya kuondoka, omba karatasi ya transferi. Iandikwe saa ya kuzaliwa, kilo, alama iliyoonekana, dawa aliyopewa. Omba infirmie apige simu Kisangani, ku Cliniques Universitaires ao hopitali nyingine iliyo na dokta wa kupasua, aulize kama wanaweza kupokea. Simu moja inaokoa kuzungukazunguka mjini na mtoto mikononi toka mlango mpaka mlango. Pia inafaa kuuliza Isangi penyewe kwanza: kama ku hopitali ya referansi kuna dokta anayeweza kufanya operasio ya kwanza, mtoto asipoteze siku ndani ya maji.

Kama mtu anafikiri haya yote hayabadili kitu, asome hesabu hizi. Mwaka 2021 jarida The Lancet lilitoa utafiti wa hopitali 264 za nchi 74, juu ya watoto 3.849 wenye kasoro hizi za njia ya chakula. Ndani ya nchi tajiri, kwa watoto 100 walikufa kadiri ya 6. Ndani ya nchi za katikati walikufa 20. Ndani ya nchi maskini walikufa 40. Kwa wale ambao matumbo yanatoka uchi pembeni ya kitovu, ni mbaya zaidi: nchi tajiri hawafikii 2 kwa 100, nchi maskini ni 90 kwa 100. Tena hao ni wale waliofika hopitali. Waliobaki kijijini hawakuhesabiwa na mtu.

Kasoro ni ileile. Mtoto wa Bruxelles na mtoto wa Isangi wanafungwa utumbo namna moja. Kinachowatenganisha ni mtu aliyeangalia mapema, chombo cha safari, seramu, dokta wa usingizi, na pesa. Sisi wa sendika tunajua hadithi hiyo: shimo ni moja, lakini mwenye kofia anatoka na asiye na kofia anabaki.

Operasio na miezi inayofuata

Kwa mtoto asiye na tundu, na kwa wengi wenye Hirschsprung, madokta hawafanyi yote siku moja. Wanaanza na kolostomia: wanafungua mlango wa muda kwa ngozi ya tumbo, choo kinapita pale. Dokta wa kupasua wa kawaida anaweza kuifanya, si lazima awe bingwa wa watoto, na njo maana isingoje. Kisha miezi kadhaa, mtoto akiongeza kilo, bingwa anatengeneza tundu pahali pake. Njia inayofuatwa karibu dunia nzima ilitoka kwa Alberto Peña, dokta wa Mexico, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyuma yake tundu linapanuliwa polepole, wazazi wakifundishwa namna ya kufanya. Mwisho mlango wa tumbo unafungwa. Jumla ni kadiri ya mwaka.

Mwaka huo ni mgumu, na wababa wengi wanapotelea pale. Mifuko ya kolostomia ni bei na haipatikani kila pahali. Wamama wanatumia vitambaa safi na mafuta ya kulinda ngozi, wanafua usiku. Kuna harufu. Majirani wanaongea. Lakini mtoto ananyonya, anakua, anatembea. Wako watakaobaki na shida ya kuzuia choo ao kukaukiwa, hasa kama kasoro ilikuwa kubwa, na hao wanahitaji kufuatwa na dokta. Mrija wa chakula uliokatika ni mgumu zaidi: unaomba bingwa na mashine za kupumua. Hata hivyo si hukumu. Mtoto wa kwanza aliyeungwa mrija kwa operasio moja na kuishi alipasuliwa Marekani mwaka 1941, enzi ambazo hawakuwa na hata robo ya vifaa vya leo.

Haki iliyo ndani ya karatasi

Sasa pesa. Miaka kadhaa nyuma nilibeba faili ya mwenzetu mmoja ku ofisi ya kampuni ambayo sitaitaja. Mtoto wake alizaliwa bila tundu. Tuliomba gari na pesa ya operasio. Walijibu: «Hii si ugonjwa wa kazi.» Tulirudi mara tatu. Walilipa kisha siku tisa. Mtoto alikuwa amekwisha kupasuliwa, kwa sababu wajomba zake waliuza pirogi na nyavu.

Jibu lile lilikuwa la uongo, na kila delege ajue kwa nini. Kodi ya kazi ya Congo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 177, inasema kwamba katika ugonjwa, ajali, mimba ao kuzaa, mwenye kazi analazimishwa kumpa mfanyakazi na jamaa yake matunzo ya dokta, operasio, dawa na kulala hopitali, pamoja na gharama za safari kama mgonjwa hawezi kujisafirisha. Haisemi «ugonjwa wa kazi». Inasema ugonjwa, na inasema jamaa. Kodi hiyohiyo inampa baba siku 2 za ruhusa mke akizaa. Siku 2 hazitoshi kushuka Isangi na kupanda Kisangani. Kwa hiyo delege aombe siku zaidi kwa maandishi, asingoje huruma.

Lakini najua wengi wetu hatuna kontra. Ni wachimbaji wa mikono, na bosi wetu ni bei ya siku. Kodi ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka mchimbaji wa mikono awe ndani ya kooperativi. Basi kooperativi isiwe ya kukata asilimia tu. Watu 60 wakitoa franga 1.000 kila wiki, kwa mwezi mmoja ni franga 240.000. Pesa hiyo inaweza kulipa safari na kuanzisha matunzo, mtoto asikae gatini akingoja mchango. Tena tangu Septemba 2023 Serikali ilianzisha Kinshasa programu ya kuzaa bila kulipa, pamoja na matunzo ya mtoto mchanga, na imekuwa ikipelekwa mu majimbo. Ulizeni ku hopitali yenu, mbele ya mama kufika miezi tisa, kama iko ndani ya programu hiyo na kama operasio ya mtoto inaingia.

Ku mkutano unaokuja, naomba kila kooperativi na kila delegasio iweke mambo matatu ku ajenda. Moja: sanduku la safari ya mtoto mchanga, na watu wawili wanaoshika funguo. Mbili: mtu mmoja aliye karibu na rezo, atakayepokea habari za uzazi na kutuma mjumbe mpaka ndani ya karieri, hata usiku. Tatu: namba ya simu ya infirmie wa kijiji na ya hopitali iandikwe ku ubao, kwa herufi kubwa, pale pembeni ya bei ya gramu, ambapo kila mtu anaangalia kila asubuhi.